Namba Chini ya Gari la Mama Pelagia

Kila siku Hafsa alipotoka shuleni, alikuwa na njia mbili za kurudi nyumbani. Ya kwanza ilikuwa fupi. Ilikata katikati ya maduka ya mtaa wa Ng'ambo na kumfikisha mlangoni kabla jasho halijamtoka. Ya pili ilizunguka mbali na kupita gerejini kwa baba yake. Hafsa alipita ya pili. Mama yake, Bi Maua, alikwisha kuchoka kumwambia kwamba shati jeupe la shule na grisi havipatani.

Gereji ya Fundi Nurdini haikuwa na geti wala ukuta. Ilikuwa kiwanja cha mchanga uliokunywa oili kwa miaka ishirini, na kibanda kimoja cha mabati cha kuhifadhia vifaa. Hata hivyo magari yalitoka mbali kuifuata: Sikonge, Urambo, hata Igunga. Watu walisema Fundi Nurdini ana mkono mzuri. Mwenyewe alisema mkono wake ni wa kawaida tu, ila ana chaki.

Chaki hiyo ndiyo iliyompa Hafsa kazi. Alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na alipenda hesabu kama watoto wengine wanavyopenda sukari. Baba yake hakumruhusu kuingia chini ya gari wala kushika jeki, lakini alimruhusu kuhesabu. Alihesabu nati zilizofunguliwa ili zisipungue wakati wa kufunga. Alihesabu meno ya gia. Namba aliyoipata aliiandika kwa chaki juu ya chuma chenyewe, na hapo palikuwa na sharti lisilovunjwa katika gereji ile: kila namba ilifuatwa na herufi ya aliyeihesabu. N ilikuwa ya Nurdini. H ilikuwa ya Hafsa.

"Atakayeisoma ajue amuulize nani," baba yake alisema siku alipompa kipande cha kwanza cha chaki. Hafsa aliifunga ile chaki kwenye leso kama hirizi, na jioni ile hakukubali hata mdogo wake aiguse.

Ijumaa moja mwishoni mwa Novemba, Hafsa alifika gerejini akakuta gari analolifahamu limepandishwa juu ya magogo, matairi yake ya nyuma yametolewa. Lilikuwa gari la wakulima wa Kwihara, lile la rangi ya majani makavu. Dereva wake alikuwa Mama Pelagia, mwanamke mrefu, mcheshi, aliyeendesha huku amejifunga kitenge na kuvaa kofia ya mkwe wake. Gari hilo lilibeba mahindi na karanga kuleta mjini, na mtu akiugua kijijini, lilibeba mgonjwa.

"Shikamoo, Mama Pelagia."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone baba yako alivyolivua gari langu viatu."

Wiki iliyopita gari lilikuwa limetumbukia shimoni likiwa na magunia ya mahindi, na ekseli ya nyuma ikapinda. Ekseli ni kile chuma kirefu kinachounganisha magurudumu mawili, na katikati yake kina tumbo la duara. Ndani ya tumbo hilo mna meno makubwa ya chuma ambayo mafundi huyaita kichwa cha difu. Injini huzungusha propela, ule mhimili mrefu unaopita chini ya gari, propela huzungusha meno, na meno huzungusha magurudumu. Ekseli iliyopinda ilikuwa imelala mchangani, ikichuruzika oili. Pembeni yake, juu ya magogo mawili, ilikaa ekseli nyingine iliyoletwa na lori kutoka Choma. Huko kulikuwa na gari kama hili hili, lililokwisha kufa na kugeuzwa kiota cha kuku.

"Si zinafanana?" Mama Pelagia aliuliza. "Mbona huanzi kufunga?"

"Zinafanana kwa nje," Fundi Nurdini alisema. "Sijaziuliza za ndani."

Kisha akamweleza, na Hafsa akasikiliza ingawa alikuwa amekwisha kulisikia somo hilo mara nyingi. Siku za kawaida gari lile lilisukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Lakini lilikuwa na kigingi kifupi karibu na gia, ambacho watu wa Kwihara walikiita gia ya tope. Ukikivuta, magurudumu yote manne yanafanya kazi. Sasa, kama meno ya ekseli ya mbele na ya nyuma hayaendi sawa, hutajua lolote kwenye lami. Utajua siku utakapovuta gia ya tope. Ya mbele itataka kwenda hivi, ya nyuma itataka kwenda vile, usukani utakuwa mzito, na mwisho kitu kitakatika ukiwa katikati ya matope.

Uso wa Mama Pelagia ulipoteza ucheshi.

"Fundi, mimi gia ya tope nitaivuta Jumapili hii. Mektilda wangu ameolewa ng'ambo ya mbuga, lile bonde linalojaa tope, na ni mimba yake ya kwanza. Miguu imemvimba, kichwa kinamuuma. Nesi amesema asisubiri, Jumatatu awe tayari hospitalini hapa Tabora. Na mvua hizo unaziona zinavyokusanyika."

"Ndiyo maana tunahesabu," Fundi Nurdini alisema. "Kesho alasiri utaondoka na gari lako."

Hafsa alimtazama Mama Pelagia akienda zake akiwa ameshika kofia mkononi, akamwonea huruma.

Kuhesabu kwenyewe hakukuwa kugumu, kulitaka utulivu tu. Upande mmoja wa ekseli ulifungwa kwa mnyororo usizunguke. Upande wa pili mtu aliuzungusha kwa mkono mara ishirini, huku akihesabu ni mara ngapi kile kisahani cha kufungia propela kimezunguka. Ili asichanganye hesabu mbili, Hafsa alikuwa na mbinu yake: alipanga kokoto ishirini, na kila mzunguko wa upande ulipokamilika alisogeza kokoto moja kwa mguu. Kichwa kilibaki na hesabu ya kisahani pekee.

Baba yake alihesabu ekseli ya mbele, akapata arobaini na moja. Hafsa alihesabu ile ya zamani iliyopinda, akapata arobaini na moja. Ikabaki ya Choma. Hapo mteja mwingine akaja akipiga honi, redieta ya gari lake ikifuka mvuke, na Fundi Nurdini akaenda kumhudumia.

"Malizia hiyo, mama," alimwambia bintiye. Alimwita mama kila alipomwamini.

Hafsa akaweka alama ya chaki, akapanga kokoto, akaanza. Alikuwa amesogeza kokoto ya kumi aliposikia sauti ya rafiki yake Shamila kutoka kiwanja cha jirani.

"Hafsa! Tunacheza rede, tumepungukiwa mmoja! Chupa yetu imebaki kidogo ijae!"

Ukiwa hujawahi kucheza rede, huwezi kuelewa. Mchezaji anajaza mchanga kwenye chupa huku wawili wakimrushia mpira, na chupa iliyokaribia kujaa haiachwi. Hafsa alijiambia anakwenda dakika mbili. Dakika mbili za rede, kama tujuavyo wote tuliowahi kuchelewa nyumbani, huwa ndefu kuliko vipindi viwili vya sayansi.

Aliporudi akihema, mbuzi alikuwa amepita juu ya kokoto zake na kuzitawanya. Baba yake alikuwa anakuja huku akijifuta mikono.

"Ngapi?"

Hafsa angeweza kusema, "Bado." Neno lenyewe ni fupi. Lakini vumbi la rede lilikuwa limemjaa miguuni, na baba yake alikuwa anamtazama kwa uso ule wa kumwamini. Ya mbele ilikuwa arobaini na moja. Ya zamani ilikuwa arobaini na moja. Gari la Choma lilikuwa kama hili hili. Itakuwa ngapi nyingine?

"Arobaini na moja, baba."

"Safi. Andika."

Akaandika juu ya tumbo la ekseli, kwa mwandiko wake mzuri wa shule: 41 H.

Jumamosi kazi ilikwenda bila kasoro. Fundi Nurdini na mwenzake, Sabiri, waliinua ekseli ya Choma, wakaiweka chini ya springi, wakaibana kwa bolti mpya. Wakafunga propela, wakaunganisha mabomba ya breki, wakatia oili mpya kwenye tumbo. Hafsa aliwahesabia nati zote na hakuna iliyopungua. Mama Pelagia alipofika alasiri, walilijaribu gari kwenye lami hadi stesheni ya treni na kurudi. Lilikwenda vizuri, halikulia wala kuyumba.

"Wabeja, fundi! Asante sana," Mama Pelagia alisema, Kinyamwezi na Kiswahili vikimtoka kwa pamoja. Akamgeukia Hafsa, akamwekea karanga za kukaanga viganjani. "Na wewe, fundi wa hesabu. Nimeambiwa namba iliyo chini huko ni yako."

Hafsa alipokea karanga. Hakula hata moja.

Aliliangalia gari likitokomea kwa barabara ya Kwihara, ile inayofuata njia ya zamani ya misafara. Namba nyeupe haikuonekana kutoka pale aliposimama. Ila yeye aliiona.

Jioni, wakati wa kuandaa chakula, Bi Maua alimpa Hafsa sinia la mihogo ya kuchemsha. "Gawa nusu kwa nusu," alisema. "Nusu ya hapa, nusu tumpelekee bibi yako."

Nusu. Hafsa alisimama na kijiko mkononi. Kokoto kumi zilikuwa nusu ya kokoto ishirini. Shamila alipoita, yeye alikuwa amefika nusu kamili ya kazi. Nusu ya arobaini na moja ni ishirini na nusu. Na yeye, alipoacha kuhesabu, kichwani alikuwa na ngapi? Alifumba macho akajaribu kukumbuka. Kumi na nane. Kumi na nane na kidogo.

"Mihogo inapoa, mwanangu."

"Ndiyo, mama."

Labda alikumbuka vibaya. Labda zilikuwa kokoto tisa. Alijipa labda nyingi jioni ile, na hakuna hata moja iliyomtuliza. Baba yake alipokuwa akila, alimsimulia mama habari za gari la Kwihara, akasema kazi ile asingeweza kuimaliza kwa siku mbili bila mtu wa kumhesabia. Hafsa alitaka kumwambia ukweli. Aliogopa. Hakuogopa kiboko, kwa sababu baba yake hakuwa mtu wa viboko. Aliogopa kwamba baba hatamwita tena mama.

Usiku mvua ya kwanza ya msimu ilinyesha. Ilipiga mabati kwa nguvu, na watu wengi wa Tabora walilala wakimshukuru Mungu. Hafsa aliwaza mbuga, udongo wake mweusi unavyolowa na kunata, na Mama Pelagia akikivuta kigingi cha gia ya tope.

Asubuhi, Fundi Nurdini alipomaliza sala ya alfajiri, alimkuta bintiye amesimama kwenye korido amevaa tayari, viatu miguuni.

"Baba, ile ekseli ya Choma sikuihesabu yote."

Akamwambia yote: kokoto, rede, mbuzi, kumi na nane na kidogo. Alilia katikati ya maelezo lakini hakuyakatisha. Baba yake hakupiga kelele. Hafsa aliona ingekuwa nafuu angepiga.

"Una hakika namba si sahihi?" aliuliza mwishowe.

"Sina hakika, baba. Nina wasiwasi tu."

"Wasiwasi unatosha." Alikuwa amekwisha kuchukua simu. Aliipiga namba ya Mama Pelagia mara tatu, na mara zote haikupatikana. "Yuko misa ya kwanza, ameizima. Akitoka kanisani anaondoka. Kachukue chaki yako."

Waliondoka kwa pikipiki, jeki na spana zikigongana ndani ya mfuko. Barabara ya Kwihara ilikuwa na madimbwi, na tope liliruka hadi kwenye ushungi wa Hafsa. Walipolipita tembe la kale, nyumba ya udongo ambayo wageni huja kuitazama, waliona watu wakitoka kanisani na nguo zao za Jumapili, wengine wamebeba viatu mkononi kuviokoa na tope.

Gari lilikuwa mbele ya nyumba ya Mama Pelagia, injini inanguruma. Nyuma mlikuwa na godoro, shuka na ndoo ya maji. Kijana mmoja wa miaka kama kumi na minne alikuwa akipanda. Hafsa alimjua kwa sura. Alikuwa Eliya, mtoto wa mwisho wa Mama Pelagia.

Fundi Nurdini alisimamisha pikipiki mbele ya gari kabisa.

"Mama Pelagia, zima kwanza."

"Kuna nini, fundi? Mwangaluka, hata hatujasalimiana!"

"Gereji yangu imekosea. Zima, nikueleze."

Hapo Hafsa alishuka. Angeweza kukaa kimya, maana baba yake alikuwa amesema gereji, na gereji ni neno pana. Mtu mmoja anaweza kujificha ndani yake. Lakini alikumbuka ile herufi chini ya gari.

"Ni mimi, mama," alisema. "Niliandika namba ambayo sikuihesabu hadi mwisho. Nilikwenda kucheza. Nisamehe."

Mama Pelagia alimtazama yeye, akalitazama godoro, akamtazama tena. Macho yake yalikuwa na hasira, na alikuwa na haki nayo.

"Ulijua binti yangu yuko wapi," alisema. "Ulinisikia nikisema."

"Nilikusikia, mama."

Mama Pelagia akazima injini.

Fundi Nurdini alizuia matairi kwa mawe, akainua tairi moja la nyuma kwa jeki, lile la pili likabaki chini. Akamwonyesha Eliya jinsi ya kulizungusha tairi polepole. Kisha akampa Hafsa nafasi ya kuchutama pembeni, mahali ambapo propela ilionekana vizuri, naye akachutama nyuma yake.

"Wewe hesabu kwa sauti," alisema. "Mimi nitahesabu kimya."

Eliya alizungusha. Mama Pelagia mwenyewe alihesabu mizunguko ya tairi kwa punje za mahindi, akizidondosha moja moja kwenye kofia. Majirani walikusanyika. Hafsa hakuwaona. Aliiona alama ya chaki kwenye propela ikija, ikipita, ikija tena. Punje ya kumi ilipodondoka, alikuwa amefika kumi na nane na nusu. Punje ya ishirini ilipodondoka, alisema, "Thelathini na saba."

"Thelathini na saba," baba yake alikubali.

"Maana yake nini?" Eliya aliuliza.

"Maana yake leo mngekwama katikati ya mbuga mkiwa na mgonjwa, na gari limevunjika," Fundi Nurdini alisema.

Mama Pelagia aliketi kwenye kizingiti. Kwa mara ya kwanza Hafsa aliona kwamba mwanamke yule aliyemchekesha kila mtu alikuwa anaogopa.

"Sasa Mektilda nitamfikiaje?"

Fundi Nurdini aliuliza maswali mawili matatu kuhusu njia. Hadi ukingoni mwa mbuga ardhi ilikuwa ya kichanga, imara hata baada ya mvua. Tope lilikuwa kipande cha katikati tu, mwendo wa kama nusu saa kwa miguu.

"Basi gari litafika ukingoni kwa magurudumu ya nyuma peke yake," alisema. "Ninafungua propela ya mbele sasa hivi, ili hata ukisahau na kuvuta gia ya tope, isifanye lolote. Na ng'ambo ya pili je, hawana mkokoteni wa ng'ombe?"

Eliya aliruka juu. "Shemeji Shigela anao! Na ng'ombe wake wanne wanalima mle mle mbugani!"

Shigela akapigiwa simu, na safari hii ilipatikana. Fundi Nurdini alilala chali kwenye udongo mbichi, na nguo zake safi, akafungua bolti nane. Hafsa alizipokea moja moja, akazihesabu, akazifunga kwenye leso yake. Kisha wote wakaondoka, pikipiki ikifuata nyuma.

Walisubiri ukingoni mwa mbuga kwa muda ambao Hafsa hakuweza kuupima. Mwishowe waliona pembe za ng'ombe, kisha ng'ombe wenyewe, tope limewafika magotini, kisha mkokoteni. Shigela alitembea mbele akiwaongoza kwa mluzi. Mektilda alikuwa amekaa juu ya majani makavu, amejifunika khanga, ameshikilia ubao kwa mikono miwili. Uso ulikuwa umemvimba, lakini alipomwona mama yake alitabasamu.

"Mama, umeniletea gari, mimi nimekuja na la kwangu."

Mama Pelagia alicheka na kulia kwa pamoja. Alimpandisha binti yake kwenye godoro, akaendesha hadi Tabora taratibu hivi kwamba pikipiki ya Fundi Nurdini ililazimika kusimama na kusubiri. Saa saba mchana Mektilda alikuwa kitandani hospitalini, na nesi alikuwa anampima presha. Alisema wamefanya vizuri kumleta siku hiyo.

Jumatatu gari lilirudi juu ya magogo. Fundi Nurdini hakutafuta ekseli nyingine. Ile ya zamani ilikuwa imepinda bomba lake, lakini meno yake yalikuwa mazima. Na ile ya Choma ilikuwa imenyooka, ila meno yake hayakufaa. Basi alifungua tumbo la kila moja, akatoa kichwa cha difu cha zamani, na kukiweka ndani ya ekseli ya Choma. Ilikuwa kazi ya siku mbili ambayo ingeweza kuwa ya dakika kumi za kuhesabu.

Jumanne Hafsa alitoka shuleni akasimama njia panda. Aliitazama njia fupi. Hakuwa amekanyaga gerejini tangu Jumapili, na baba yake hakuwa amemwita. Mwishowe akapita ile ndefu, kwa hatua za polepole.

Alimkuta Mama Pelagia ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kofia kichwani, anakula karanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mektilda amejifungua leo alfajiri. Mtoto wa kiume, ana sauti ya honi. Wote wazima." Alimtazama Hafsa usoni. "Jumapili nilikukasirikia sana, sitakudanganya. Nimekuja kuwaambia habari, na nimekuja kuona kama utakuja."

Machozi yalimlenga Hafsa, safari hii furaha na aibu vikichanganyika.

Fundi Nurdini alitoka nyuma ya gari. Ekseli ya Choma ilikuwa imekwisha kufungwa mahali pake na kichwa chake kipya, lakini magurudumu yalikuwa bado hewani. Juu ya tumbo lake palikuwa bado na ile namba, imefifia kwa tope: 41 H.

"Kaa hapa," alimwambia bintiye. "Unajua ni kosa gani ulilofanya?"

"Nilikwenda kucheza wakati wa kazi."

"Hapana. Kucheza ni haki yako, ungeniambia tu. Ulipoulizwa ngapi, ukanipa namba ya kubahatisha na ukaitilia saini. Mimi nikalala chini ya gari nikiiamini, na Mama Pelagia akawa tayari kumlaza mtoto wake juu yake. Mtu akisema 'sijamaliza', tunangoja kidogo, basi. Akisema uongo, hatujui hata kama kuna cha kungojea." Akaigusa ile namba kwa kidole. "Na mimi nina langu. Kazi kama ile ilitaka watu wawili, nami nikakuachia peke yako. Kuanzia sasa kila ekseli itakuwa na herufi mbili."

"Na ukweli wake nao usemwe," Mama Pelagia aliongeza. "Wako watu wazima wengi ambao wangenyamaza, wakaomba Mungu nisivute ile gia. Huyu alikuja kijijini kwangu akasema mbele ya majirani wote. Mwanangu, umekosea kama mtoto, ukarekebisha kama mtu mzima. Siku nyingine anza na hilo la pili, utapunguza safari."

Fundi Nurdini alichukua tambara akaifuta ile 41 H, hadi chuma kikang'aa. Akamkabidhi bintiye chaki.

Hafsa alipanga kokoto ishirini, mbali na njia ya mbuzi. Aliweka alama, akaanza kuzungusha polepole. Kutoka kiwanja cha jirani Shamila aliita kuhusu chupa iliyobaki kidogo ijae. Hafsa alipunga mkono bila kugeuka. Baba yake alisogea, akajifuta mikono, akauliza kwa kawaida yake:

"Ngapi?"

Hafsa alitazama kokoto zake. Aliinua uso.

"Sijui, baba. Shamila alipoita nilichanganyikiwa kidogo kwenye kumi na tano. Naanza upya."

Fundi Nurdini alichutama karibu naye, akazirudisha kokoto zote mahali pake, moja baada ya nyingine.

"Anza upya, mama," alisema. "Hatuna haraka."